Barabara ya Pongwe haikuharibiwa na jua

Ndugu Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu barabara yetu kuu hapa Pongwe, ile iliyomnukuu mhandisi akilaumu jua na malori kwa mabonde na nundu za lami yetu, imenishinda kunyamazia, ingawa tangu nistaafu kazi ya maabara ya barabara nimenyamazia mengi. Jua la Tanga halikuanza mwaka huu. Malori ya saruji nayo hayakutushtukiza: kiwanda kipo hapa hapa, bandari ipo mjini, na magari ya Horohoro, mpakani mwa Kenya, yanapita tangu zamani. Anayesanifu barabara huanza kwa kuhesabu malori na kupima ekseli zake, ndipo aamue unene wa kila tabaka. Hawezi kuja baadaye kutuambia malori ni mengi.

Masika haya mkwe wangu alipanda bodaboda kwenda sokoni. Mabonde ya tairi, ile mifereji iliyobonyezwa na magurudumu, yalikuwa yamejaa maji. Semi-treila ikaja nyuma ikipiga honi, kijana mwenye bodaboda akajaribu kutoka bondeni aipishe, tairi la mbele likateleza kwenye nundu ya lami, wakaanguka wote wawili. Mkwe wangu amevunjika mkono juu ya kiwiko. "Mzee, nundu ilinirudisha," kijana aliniambia huku akilia. Nilikwenda mwenyewe, nikalaza ubao juu ya nundu mbili, na ngumi yangu ikapita chini yake bila kuugusa. Mstari mweupe wa pembeni umepinda kama nyoka, na ndani ya bonde lami inang'aa, kokoto zimezama. Aliyewahi kushika nyundo ya Marshall, ile ya maabara ya kushindilia sampuli za lami, anajua maana yake. Bonde pana lisilo na nundu ni dalili kwamba udongo au kifusi cha chini kimetitia. Bonde jembamba lenye nundu pembeni ni lami yenyewe iliyosukumwa kando. Lami ya daraja la ugumu la 60/70 huanza kulainika karibu na nyuzi 50, na uso wa barabara mchana wa jua kali huweza kufika 60. Hilo si siri, ndiyo maana sampuli za barabara ya magari mazito hupigwa vipigo 75 kila upande, kisha zikapimwa nguvu kwa nyuzi 60. Kwa joto hili huchaguliwa lami ngumu zaidi au iliyotiwa polima, kokoto za kupondwa zenye kona kali zinazong'ang'aniana, na mchanganyiko unaobakiza nafasi za hewa. Malori yakishindilia mpaka hewa ikashuka chini ya asilimia 3, lami haina pa kwenda ila pembeni. Halafu wanakuja kuweka kiraka kipya juu ya lami ile ile iliyolegea! Nacho kitasukumwa. Ilipasa ikwanguliwe yote mpaka tabaka gumu.

Uzito uliozidi unaua barabara, sikatai. Majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara wa Marekani, yaliyofanyika Illinois mwaka 1958 hadi 1960, yalionyesha madhara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito, yaani uzito ukiwa mara mbili, madhara ni kama mara 16. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya tairi nne. Ipakie tani 12, umeiumiza barabara mara mbili. Mizani isilegezwe, usiku wala mchana.

Na hawa wanaoegesha malori mabovu barabarani wakafungua injini pale pale! Dizeli huyeyusha lami. Inachuruzika usiku kucha, asubuhi unang'oa kokoto kwa kidole. Nikiwaambia, wananijibu, "Mzee, tuache tutafute riziki." Viongozi wa mtaa wanapita wanaona.

Ninachotaka ni hiki. Kabla ya kiraka kingine, wakate sampuli za mviringo kila mita 100, moja ndani ya bonde na nyingine katikati ya mabonde, waziweke mezani ofisi ya kata tuzione, na kiasi cha hewa cha kila moja kisomwe kwa sauti. Na pale malori yanaposimama au kutambaa, kwenye matuta na njia panda, wang'oe lami na kumwaga zege mita 200 kila upande. Gurudumu linalokwenda polepole huikalia lami muda mrefu na kuisukuma zaidi, zege halisukumwi. Saruji inatoka hapa hapa Pongwe.

Mstaafu wa maabara ya barabara,
Pongwe, Tanga