Kikao cha utafiti wa kazi: siku imebadilika

Asalaam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu.

Kile kikao cha Jumamosi kimesogezwa hadi Jumapili, saa 10 jioni, palepale barazani kwa mwenyekiti, Ngamiani barabara ya 12. Jumamosi ni arobaini ya mama wa mwenzetu, na hapo lazima twende sote.

Watafiti wanataka kutusikia sisi wenyewe: mafundi, mama lishe, bodaboda na vijana wa mashamba ya mkonge. Kazi tunazipataje, tunalipwaje, ujuzi tumeupata wapi. Naomba tusiwapambie maneno. Wengi wetu tumefanya kazi miaka bila mkataba wa maandishi, ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Semeni hali ilivyo. Jina la mwajiri si lazima.

1. Njoo na mkataba au karatasi yoyote ya malipo, kama unayo.
2. Sh 2,000 ya chai na fotokopi imfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

Fundi uliyejifunzia gereji au kwa mjomba, wewe hasa usikose. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi wa namna hiyo na kutoa cheti. Wanaotaka tutaandikishana siku hiyohiyo.

Dada zangu, watoto njooni nao.

Tafadhali jibu hapa "Nipo" au "Sitaweza" kabla ya Alhamisi usiku, nijue idadi ya viti.