Steringi kafa hatupo, nyota tano za nini?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka nenda rudi na sijawahi kuwaandikia, hata mlipohamisha chemshabongo ikakaa katikati ya matangazo ya vifo. Nilinyamaza. Lakini ile makala yenu kuhusu filamu za uhalifu ambazo eti mtu asife bila kuziona imenitoa pangoni. No Country for Old Men mmeiweka ya kwanza, nyota tano. Mwandishi wenu akatuhesabia Oscar zake nne za mwaka 2008: filamu bora, uongozaji wa ndugu wawili Joel na Ethan Coen, mswada walioutoa kwenye riwaya ya Cormac McCarthy, na Javier Bardem kwa uigizaji msaidizi. Yote kweli. Alichokiruka ni kwamba steringi anauawa sisi hatupo.

Ambaye hajaiona anisamehe, ila filamu ni ya 2007 na siri ya umri huo si siri tena. Ni Texas, mwaka 1980. Llewelyn Moss, fundi wa kuchomelea vyuma aliyepigana Vietnam, yuko porini anawinda, anakuta maiti za wauza dawa za kulevya na mkoba wenye dola milioni 2. Anaubeba. Nyuma yake anakuja Anton Chigurh, ndiye huyo Bardem, muuaji anayetembea na mtungi wa hewa na kile kifaa cha machinjioni cha kuangushia ng'ombe. Kwake kinang'oa vitasa na kutoboa watu vipaji vya nyuso. Basi tunakimbia na Moss. Anakata mtutu wa bunduki tunamwona, anaficha mkoba kwenye tundu la hewa tunamwona, anapekua noti mpaka anakibamba kidude kinachomchongea mahali alipo, na hapo nikakaa wima. Nikajua wawili hawa watakutana, na siku hiyo patachimbika.

Hapakuchimbika kitu. Sherifu Ed Tom Bell, mzee anayewafuatia nyuma, anafika moteli huko El Paso, gari linatimua mbio, na Moss huyo kalala sakafuni, keshakufa. Hatukuona nani alimpiga wala alijitetea vipi. Na wala si Chigurh aliyemuua! Ni genge la watu tusiowajua hata majina, walioelekezwa na mama mkwe wake, mama mropokaji aliyemwambia mtu baki aliyemsaidia mizigo kwamba wanakwenda El Paso. Huo ndio mwisho wa mtu tuliyehangaika naye filamu karibu nzima. Ni kama mwenyeji anayezima taa wageni wakiwa bado wananawa mikono.

Aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu nilimwalika mjomba wangu, mpelelezi mstaafu, kwa kuamini sifa za aina yenu. Mjomba alianza kuguna mapema. Kuna mahali sherifu na msaidizi wake wanaingia kwenye trela la Moss, Chigurh katoka sasa hivi, chupa ya maziwa aliyoinywa iko mezani bado inatoka jasho. Sherifu anafanya nini? Anajimiminia glasi, anakaa palepale kwenye kochi, anakunywa. "Alama za vidole!" mjomba akapiga kelele. "Huyo angekuwa chini yangu angelinda geti mpaka astaafu." Nikamtuliza, nikamwambia subiri, utamu unakuja. Ikafika ile maiti. Kimya. "Huyo aliyelala ni nani?" Moss, anko. "Kafa saa ngapi?" Tukarudisha nyuma. Tukarudisha tena. Akaniuliza kama nimekalia rimoti. Mimi namshuku yeye kwamba kaminya kitufe nikipepesa macho. Chigurh naye anagongwa na gari, mfupa umetokeza mkononi, ananunua shati la mtoto wa watu afungie mkono, anaondoka zake kwa miguu. Tukangoja akamatwe. Badala yake sherifu, naye sasa kastaafu, anakaa mezani kumsimulia mkewe ndoto mbili za marehemu baba yake, katika moja huyo baba kapita juu ya farasi na moto kwenye pembe, halafu giza, majina yanapanda. Mjomba akavaa viatu. "Kesi ambazo hazikufungwa ninazo zangu," akasema, "na hakuna aliyenipa tuzo."

Najua mtanijibu kwamba ndiyo maana yake, kwamba maovu hayana mwisho na mzee kashindwa na dunia. Nimeelewa, sikusinzia. Ila mtu akikuudhi kwa makusudi, maudhi hayapungui. Na kinachoniuma ni kwamba watu hawa wanajua kazi. Ile sehemu ya kurusha sarafu na kubahatisha upande pale kituo cha mafuta, Bardem katupa pakiti aliyoifinya na yenyewe inajikunjua polepole juu ya kaunta mbele ya yule mzee asiyejua kwamba anacheza kamari ya roho yake, niliacha kupumua. Mwenye uwezo huo ndiye wa kudaiwa.

Halafu sauti. Hili si la filamu hii peke yake, ni la zote zenye tuzo: watu wananong'ona, unaongeza sauti, bunduki inalia, nyumba nzima inaamka, unapunguza, wananong'ona tena. Hii hata muziki haina wa kukustua kabla. Na giza nalo! Filamu ikishapendekezwa tuzo mbili tatu, taa zinakuwa ghali. Mhakiki wenu anatazama kwenye ukumbi wenye spika kila kona. Sisi tunatazama huku mtu anakaanga kitu chumba cha pili.

Naomba basi chini ya hizo nyota mtuchoree kisanduku chenye maswali manne: Steringi anafia mbele yetu au kwa majirani? Adui anakamatwa? Fedha kabaki nazo nani? Ndoto zinasimuliwa ngapi, na kwa dakika ngapi? Ikizidi ndoto moja, nyota ikatwe nusu. Kazi hiyo mjomba yuko tayari kuifanya bure, mradi mumpe meza na mumwekee mbali maziwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi