Baba wa Sinema, Peke Yake Kwenye Skrini

Moshi

Kaka,

Habari za Arusha? Huku wote wazima. Barua yako imefika, na wazo la kuonyesha akina baba wa sinema za zamani kwenye skrini tatu nimelipenda sana. Ila nakusihi, usikusanye vipande vya baba anayefoka na kupiga. Hao tunawajua. Tafuta pale anaponyamaza akimpima mwanawe kwa macho.

Anzia filamu ya Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928. Nahodha wa meli anategemea mwanawe atakuja pande la mtu. Anakuta kijana mwembamba, mwigizaji Buster Keaton. Ile aibu usoni mwa baba, na anavyombadilisha kofia dukani, ndiyo mali yako. Filamu hiyo hiyo ina ukuta wa nyumba unaomwangukia Keaton, akapona kwa kuwa amesimama sawasawa na uwazi wa dirisha. Steve McQueen, yule msanii Mwingereza, si mwigizaji wa Marekani, alikirudia kitendo hicho kwa mwili wake mwenyewe katika kazi yake Deadpan, 1997. Itazame kabla hujakata chochote.

Kwa ukataji, mfuate Candice Breitz, msanii wa video wa Afrika Kusini. Katika kazi yake Father ya mwaka 2005 aliwatenga waigizaji, akiwemo Dustin Hoffman, kila kilichowazunguka akakifanya cheusi, akawapanga kwenye skrini sita. Nawe mzungushie nahodha mstari wa kumtenga na vilivyo nyuma yake. Sekunde 10, kila moja ikiwa na fremu 24, yaani picha moja moja, ni fremu 240. Chora mstari huo kila fremu ya 5, programu ya kuhariri iujaze katikati. Mkono ukipita haraka, chora kila fremu, la sivyo kingo zitatetemeka. Kata umbo lake kwanza, ndipo upunguze kasi ya video. Ukitanguliza kupunguza, programu itachanganya fremu mbili, na nahodha ataota mikono minne iliyofifia.

Projekta achana nazo. Nyeusi ya projekta ni kijivu tu, na kwenye chumba cha bati kinachopenyeza mwanga darini, baba ataonekana amebandikwa kwenye kibao. Azima televisheni tatu za aina moja, inchi 55, uzisimamishe wima: kioo kina urefu wa kama sentimita 122, hivyo mtu kuanzia magotini anakaribia kimo chake halisi. Mtazamaji asimame naye uso kwa uso.

Usiweke flashi kwenye kila televisheni. Kila moja hufuata saa yake ya ndani, na kufikia jioni baba watatu watakuwa wamepishana. Unganisha picha tatu ziwe video moja, uitoe kwenye kompyuta moja yenye matundu matatu ya HDMI, uipange ijiwashe na kuicheza yenyewe umeme ukirudi.

Hakimiliki ya filamu ya Keaton imeshakwisha Marekani, lakini muziki uliobandikwa baadaye huenda una mwenyewe. Uondoe wote. Ukimya unamfaa zaidi nahodha.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukishamkata nahodha wa kwanza, nitumie nimwone.

Nduguyo