Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Mininga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, masheikh na wachungaji wetu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Karibu sana shuleni kwetu hapa Tabora. Mheshimiwa, tungepanda mikaratusi, baada ya miaka michache kila mpita njia angeiona. Tumechagua mninga tukiijua tabia yake. Mche wa mninga huota na mvua, kiangazi kikifika shina lake hukauka, mara nyingi hadi usawa wa ardhi. Mvua ikirudi huchipua, kiangazi hukauka tena, na hali hiyo yaweza kudumu miaka 10. Muda wote huo mzizi unanenepa chini na kuweka akiba. Akiba ikitosha, shina hupanda juu moja kwa moja. Upandaji mwingi huharibika hapo: mtu huona kijiti kikavu, hudhani mche umekufa, huung'oa pamoja na mzizi wake mzima.

Ndiyo sababu leo wako nasi viongozi wa dini zote mbili. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, ila mwenye kukuza ni Mungu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande. Sisi tunayachukua mafundisho hayo kama maelekezo ya kazi. Anayepanda mninga hapandi kwa ajili ya kivuli chake mwenyewe.

Tunda la mninga ni la duara, lina bawa jembamba pembeni na miiba katikati. Bawa hukatwa kwa mkasi wa kupogolea, kisha kitovu hupasuliwa taratibu; ndani mna mbegu moja au mbili tu, na kisu kikiteleza zinakatika. Kinachochelewesha kuota ni tunda lenyewe, kwa hiyo mbegu iliyotolewa hulowekwa maji baridi usiku mmoja, bila maji ya moto kama tufanyavyo kwa mbegu ngumu. Hatutumii viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, maana mzizi mkuu hushuka upesi na ukifika chini ya kiriba hujikunja. Tunapanda shambani: udongo unalainishwa sentimita 30, kila shimo mbegu 3, kina sentimita 2. Mahali panapotuama maji tunapaacha, mbegu huoza.

Kila shimo lina kigingi chenye namba, na namba zote zimo daftarini. Kidato cha nne hukabidhi daftari hilo kwa wadogo zao kabla ya mitihani, kwa kuwa hakuna darasa litakalokaa hapa miaka 10.

Mheshimiwa, tunayo maombi matatu. Tunaomba uzio, mbuzi hula machipukizi. Tunaomba wazazi watusaidie kufyeka barabara ya kuzuia moto kila Juni, kabla nyasi hazijakauka kabisa. La tatu ndilo kubwa kwetu: wakaguzi wasije kuhesabu miti yetu Agosti, mashina yakiwa makavu, wakaandika kwamba imekufa. Waje Januari, mvua ikiwa imeamsha machipukizi, nasi tutawaonyesha kigingi kwa kigingi.

Tunaomba kuwasilisha.