Barua kwa vijana wetu wa Lewiston na Portland kuhusu hii kura ya gavana

Wanangu, salamu sana. Nawaandikia nyie mliopata uraia, hasa mliosomea hapa hapa jimbo la Maine, Marekani, maana maneno yenu yananifikia, kwenye wasap na pale nje ya kanisa mkishatoka ibada, eti "mzee hii ya gavana tumeiacha, watu kibao na hamna hata mmoja wa maana".

Kwenye la pili siwabishii. Gavana wetu Janet Mills anamaliza vipindi vyake viwili, cha tatu mfululizo haruhusiwi, kiti kikabaki wazi na kila mtu akajitosa: upande wa Democrat Shenna Bellows, Troy Jackson, Hannah Pingree, Nirav Shah, Angus King wa tatu, upande wa Republican Bobby Charles na Jonathan Bush na wengine, halafu Rick Bennett kaamua kwenda kivyake bila chama. Ukiwasikiliza unasinzia. Na majina yenyewe yaangalieni, King baba yake ni seneta, Pingree mama yake yuko kongresi, Bush ni wa ukoo ule ule uliotoa marais wawili. Sisi tuliotoka Kongo habari za mtoto kukalia kiti cha baba tunazijua toka Kabila mdogo, 2001, hakuna wa kutufundisha.

Ila la kukaa nyumbani nakataa, na sababu yangu ni hesabu tu.

Mwaka 2010 wengi wenu mlikuwa bado kambini Nyarugusu mnacheza mpira wa makaratasi. Huku wagombea walikuwa wengi, kura zikagawanyika, Paul LePage akapita na asilimia kama 38, Eliot Cutler asiye na chama akapata kama 36, yule mama wa Democrat 19. Kati ya wa kwanza na wa pili hazifiki hata kura 10,000, jimbo zima hilo! Watu sita kwenye kila kumi walitaka mwingine na bado akakaa miaka minane. 2014 serikali yake ikaiambia miji kwamba ukimpa GA, yaani General Assistance, msaada wa mji kwa asiyejiweza, mtu asiye na karatasi, hata kama kaomba hifadhi, jimbo halikurudishii hela. Na GA ndo kodi ya nyumba, ndo unga, kwa mgeni anayesubiri kibali cha kazi, kibali chenyewe sheria ya Washington haikupi kabla ya siku 180. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria waomba hifadhi wasaidiwe miezi 24, LePage akataka kuipiga veto, yaani kuikataa, lakini akachelewa, mahakama ya juu ya jimbo ikasema muda ulishapita. Yaani watu walipona kwa sababu ya kalenda. Mtu wa veto zaidi ya 600 huyo, akakosea tarehe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Juni 9, 2026 ni mchujo, kila chama kinachagua mgombea wake, na mchujo wa hapa unapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, unajaza kiduara kimoja kila safu. Msiishie kwa mmoja mkaondoka, huyo akitolewa mapema kura yako imeisha hapo. Na kumjazia mtu yule yule safu zote hakumwongezei kitu. Kama hujajiandikisha chama unaruhusiwa, unaomba karatasi ya chama kimoja tu.

Novemba, kura yenyewe ya gavana, ni kitu kingine. Siku hiyo hakuna kupanga kwa namba, 2017 majaji walisema katiba ya jimbo inampa mwenye kura nyingi, basi, hata akiwa na asilimia 35. Wakongo mnaijua hii, Januari 2011 si walituondolea duru ya pili ya kura ya rais? Kwa hiyo Juni pendeni mnayempenda, Novemba angalieni nani anaweza kushinda na nani hamumtaki kabisa, mkubaliane mapema, siyo kila ukoo na mtu wake.

Na ambao bado mna grini kadi au kesi iko kortini, nawasihi, msijiandikishe kupiga kura. Hata yule wa ofisi ya leseni akikusogezea fomu, soma kwanza, saini moja inaweza kukurudisha ulikotoka.

Wachungaji nao nina neno nao. Mgombea akija jumapili anataka picha na kwaya, asipewe maiki mpaka aseme GA ataifanyaje, kwa mdomo wake, watu wakisikia.

Mwenye uraia ambaye hajajiandikisha atajiandikisha siku hiyo hiyo ya kura pale kituoni, abebe kitambulisho na bili yenye adresi yake. Ni jumanne, akina mama wa shifti ya usiku watatoka wamechoka, wenye magari waandikeni majina sasa hivi nani anamchukua nani.