Mwezi mzima na albamu za watu: barua ndefu kutoka Bristol

Wapendwa wa Sinza,

Shikamoo Baba, shikamoo Mama, na nyie wengine mambo vipi. Najua mnalalamika voice note zangu ni ndefu mpaka mtu anabandika maharage yanaiva mimi bado naongea, sasa leo nimeamua kuandika, atakayechoka aweke simu pembeni amalizie kesho. Mimi mzima kabisa, kazini salama, ila baridi ndo hivyo haina adabu. Hela ya mabati nimetuma Ijumaa kwa jina la Kaka, mkiipata mniambie maana nakaa na wasiwasi bure.

Haya, kwenye grupu mmekua mnaniuliza mbona siku hizi natuma miziki ya ajabu ajabu, leo kinanda kitupu saa nzima, kesho watu wanapiga kelele kwa magitaa, na Mama akauliza kama mwanawe yuko sawa kichwani. Niko sawa. Ni hivi: pale ghalani kwetu kuna kachumba ka kunywea chai, na kuna dada mmoja wa Wales alibandika karatasi kwenye mlango wa friji akasema kila mtu aandike jina la albamu moja anayoipenda, alafu anayetaka achukue moja kila siku kwa mwezi mzima. Masharti iwe hujawahi kuiskia, na uiskilize yote kwa mpangilio wake toka mwanzo mpaka mwisho, hamna kuruka wimbo, hamna kuchanganya. Wamejaa watu wa kila nchi pale, Wajamaika, Wapolandi, Wanaijeria, Mpakistani mmoja, wazee wa hapahapa Bristol, so ile karatasi ikajaa mbele na nyuma. Wengi waliishia katikati. Mimi basi langu la kwenda kazini linachukua karibu saa nzima na kurudi hivyohivyo, nikasema nina nini cha kupoteza zaidi ya bando.

Na ukweli nilishaichoka simu yangu. Ile programu ya muziki inanijua kupita kiasi, nikiskiliza Bongo Fleva moja ya enzi zile nasoma inaniletea nyingine inayofanana nayo, nikimaliza inanirudisha ileile ya kwanza, mwaka mzima nazunguka kwenye nyimbo zilezile na nadhani naskiliza muziki kumbe nakumbuka tu shule.

Baba wewe hili unalijua ila hawa watoto hawalijui: santuri ile kubwa upande mmoja unabeba kama dakika 20 na kidogo, ukitaka kubandika zaidi inabidi mistari ibanwe na sauti inafifia. Kwahiyo hawa watu walipokua wanapanga albamu walikua wanafikiria pande mbili, upande wa kwanza uanze na nini ukushike, uishie na nini ili uinuke kwenye kiti ukageuze, na upande wa pili ukufungulieje mlango upya. Kwenye simu hamna cha kugeuza, lakini ukiskiliza kwa mpangilio unaskia kabisa hapa palikua na mgeuzo. Wajerumani wa Kraftwerk mwaka 1974 walichukua upande mzima, dakika 22 na ushee, wimbo mmoja tu kuhusu kuendesha gari barabara kuu. Dakika 22! Nikawaza ungekua wa kwetu, Morogoro Road jioni, si ungejaza santuri tano na bado hatujavuka Ubungo.

Nilianza na za mji huuhuu maana nimeona aibu, miaka yote nakaa Bristol na sikujua kama hapa pana muziki wake. Massive Attack, albamu inaitwa Blue Lines, ya 1991. Mara ya kwanza nikaona mbona inatembea taratibu hivi, wanarap kama hawataki kuamsha mtoto, besi imekaa chini huko. Alafu yule mzee wa Kijamaika kazini akanielezea kwamba mtaa wa St Pauls ulikua na sound system za Wajamaika, maspika makubwa yanapigwa kwenye sherehe za nyumbani mpaka asubuhi, hawa vijana walikulia humo ndo maana besi imekaa vile, na wakamwita mpaka Horace Andy, muimbaji mkongwe wa rege kutoka Jamaika, aje aimbe humo. Jioni yake nikapita St Pauls kwa miguu nikaona tofauti, sio kwamba mtaa umebadilika, ni mimi.

Alafu Portishead. Portishead ni kamji kadogo hapo pembeni baharini, nishawahi kwenda kula chipsi na samaki, wala sikujua ni jina la bendi. Albamu yao Dummy ni ya 1994, na hapa Kaka nataka uskie maana wewe ndo mtu wa mabiti: mbali na kukata vipande kutoka santuri za watu wengine, walikua pia wanapiga vipande vyao wenyewe, wanavichapa kwenye santuri, alafu wanaitupa sakafuni wanaikanyaga kwa makusudi ichakae, ndo wanakuja kukata biti kutoka humo. Yaani wametengeneza uzee kwa miguu yao. Ukiiskia unaapa ni kitu cha zamani kimeokotwa darini. Dada anayeimba ana huzuni mpaka nikashuka kituo kimoja kabla nitembee.

Zingine sikuzipenda, nisiwadanganye. Kuna moja ya jazi ya Ornette Coleman ya mwaka 1961, kipande kimoja cha dakika 37 hivi, bendi mbili zinapiga kwa wakati mmoja, moja imewekwa spika ya kushoto na nyingine ya kulia. Sasa hedfoni yangu sikio la kushoto lilikua limekufa. Nimeskiliza nusu ya watu safari nzima nikidhani ndo muziki wenyewe ulivyo, na wenzangu kazini walicheka mpaka mmoja akanipa hedfoni yake ya akiba, nikarudia na masikio yote mawili, na niwaambie tu kwamba nusu ilitosha.

Ya Black Sabbath nayo, ile ya kwanza ya 1970, muziki sikuuelewa ila habari yake sijaisahau. Mpiga gitaa, Tony Iommi, alikua kijana wa Birmingham anafanya kazi kiwandani, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kubonyezea nyuzi, na ilikua siku yake ya mwisho kazini, alikua anaacha aende kwenye muziki. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vikofia vya vidole, akaweka nyuzi nyembamba za gitaa zisimuumize, ndo ukatoka ule mlio mzito unaoskia. Mimi nafanya kazi na mikanda na mashine kila siku, ile albamu niliiskiliza naangalia vidole vyangu. Na waliirekodi siku moja tu, asubuhi wameingia, usiku wametoka.

Mnaijeria wetu aliandika Fela Kuti, mwanamuziki wa kwao, bila hata kufikiri mara mbili, albamu ya Zombie, nyimbo mbili basi, upande mmoja mmoja, anawacheka wanajeshi wanaotii kila amri. Februari 1977 wanajeshi wakavamia nyumba yake Lagos wakaichoma, mama yake mzee wakamtupa kutoka dirishani, na mwaka uliofuata akafariki. Baba najua hii unaijua, ila mimi nilikua nacheza hizo ngoma kwenye maharusi bila kujua chochote.

Sasa kile kinanda kitupu mlichokilalamikia. Anaitwa Keith Jarrett, mji wa Köln Ujerumani, Januari 1975. Jamaa amefika mgongo unamuuma, hajalala vizuri, anakuta kinanda alichowekewa sicho alichoomba, ni kidogo, cha mazoezi, sauti za juu zinalia kama bati na pedali hazifanyi kazi vizuri. Akataka kuondoka. Aliyeandaa tamasha ni binti wa miaka 18 hivi, akambembeleza, na karibu saa tano na nusu usiku jamaa akakaa akaanza kupiga bila kuandika noti hata moja kabla, saa nzima na zaidi, na kwa sababu sauti za juu ni mbovu akabaki sana katikati, anarudiarudia mkono wa kushoto. Ikawa moja ya santuri za kinanda zilizouzwa kuliko zote duniani. Nilivyoiskia mara ya kwanza nikasinzia. Ya pili, usiku, mvua inapiga dirisha la basi, nikamskia mwenyewe anaguna na kulia chinichini wakati anapiga, jamani, nikapitiliza kituo.

Mama, na yako ipo, usiseme nimekusahau. Aretha Franklin, Amazing Grace, Januari 1972, hakwenda studio, alirudi kanisani, kanisa la Wabaptisti kule Los Angeles, usiku wa siku mbili, na kwaya nzima nyuma yake na James Cleveland kwenye kinanda. Unaskia watu wanaitikia, wanainuka, mtu anashindwa kujizuia, na siku ya pili baba yake ambae ni mchungaji anapewa maiki anamwongelea binti yake mbele ya watu. Ukiiskia usianze kusema kwaya yetu ya Kilutheri hairuhusu makofi mengi hivyo. Iskilize kwanza. Nimemwambia mdogo wangu akuwekee kwenye ile spika, Jumapili baada ya ibada, yote, usiwaruhusu wakurukishe.

Haya na sasa ndo nafika kwenye kilichonifanya niandike barua. Kwenye ile karatasi kuna mzee mmoja wa hapa, dereva wa forklifti, karibu anastaafu, hajawahi kufika Afrika, aliandika Remmy Ongala, Songs for the Poor Man, 1989. Nikamwambia huyu namjua, haihesabiki, masharti ni albamu ngeni. Akaniuliza, umewahi kuiskia yote? Nikakosa jibu. Mimi Remmy namjua kwa konda! "Kwa Remmy wapo?" "Shusha!" Toka nazaliwa kituo chetu kinaitwa jina lake, nimeshuka pale na sare za shule, na mikungu ya ndizi, na mgonjwa mara moja, na nilichojua ni rasta zake, ule wimbo wa soksi, yaani kondomu, ambao Mama ulikua hutaki uimbwe mbele yako, na kwamba mwishoni aliokoka akaimba injili mpaka alipofariki 2010. Nyimbo mbili tatu za redioni. Albamu? Sikujua hata kama ipo.

Na kumbe ameirekodi hapa. Sio hapa Uingereza tu, hapa jirani, kijiji kinaitwa Box, ukitoka Bath kidogo, kwenye kinu cha zamani cha maji ambacho Peter Gabriel, mwanamuziki wa hapa Uingereza, alikigeuza studio. Treni ya kwenda London inapita pembeni kabisa, kabla haijaingia lile handaki refu. Nilipoenda Swindon kumsalimia binti wa Mama Mdogo nimepita pale nikipekua simu. Dokta Remmy aliyezaliwa Kindu kule Kongo, akaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, akakaa Sinza yetu, alikuja na bendi yake Super Matimila mpaka kwenye matope ya Wiltshire akawaimbia Waingereza Kiswahili kuhusu umaskini na kifo, na Waingereza wakainunua, na mmoja wao ameitunza miaka yote hiyo mpaka ananiuliza mimi maana ya mistari. Nimemtafsiria wakati wa chai, kila siku wimbo mmoja. Magitaa yanajibizana, hakuna haraka yoyote, na yule mtu anaimba anaongea anaimba, unaskia kabisa ni jirani anakusimulia.

Ndo nikagundua za nyumbani zote nazijua vipandevipande. Wewe Baba na bendi yako ya Sikinde, mjomba na Msondo yake, mnabishana mpaka wali unapoa, na mimi nakaa katikati sijui hata mnabishania nini. Nyingi zilirekodiwa pale Radio Tanzania zikapigwa hewani, au zikatoka kwenye vile visanturi vidogo ambapo wimbo mmoja unakatwa katikati, sehemu ya kwanza huku, ya pili nyuma. Kwahiyo albamu yetu ni nini hasa? Mimi naona ni zile kanda zako za juu ya kabati, ulizorekodi mwenyewe kutoka redioni, dakika 45 kila upande, na mpangilio ni wako wewe.

Kaka, zile kanda usiziuze na usizitupe, nimeskia mnataka kupaka rangi chumba. Mtafute fundi mwenye deki inayofanya kazi, nitatuma hela, azirekodi upande mzima upande mzima bila kukata, na maneno ya mtangazaji yabaki, na kelele yabaki, na pale Baba alipochelewa kubonyeza pabaki. Baba uwe unaniambia kila upande ulirekodiwa wapi na kwanini huo wimbo ukafuata ule.

Na nyie wengine mwezi ujao ni zamu yenu kunipa. Kila mtu albamu moja nzima ambayo mnadhani siijui. Mama kwaya inakubalika. Mdogo wangu singeli inakubalika pia, ila iwe ya msanii mmoja na ina mwanzo na mwisho, usinitumie miksi ya saa mbili ya DJ wa Manzese ukasema ndo albamu. Mjomba mpeni barua hii asome mwenyewe, msimsomee, mtamkatia katikati.

Wenu,
binti wa pili, Bristol