Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mgonjwa asitoke wodini bila tarehe ya mionzi

Shikamoo Mheshimiwa Waziri,

Siandiki kuwasema madaktari, wale waliomtoa mama kansa ya ulimi walifanya kazi yao, Mungu awabariki. Shida ilianza siku ya kuruhusiwa. Tukapewa karatasi imeandikwa "apelekwe mionzi", basi, tarehe hamna, wa kumuulizia hamna, na sisi tukarudi kijijini tukijua unasubiri kidonda kikauke, mtu apate nguvu, nauli ipatikane ndo aende. Kumbe siku zinahesabiwa! Mionzi baada ya upasuaji wa kansa ya mdomo inatakiwa ianze ndani ya wiki 6 toka siku ya kisu, maana chembe zilizobaki ambazo hata daktari hazioni kwa macho zinaendelea kukua. Sisi tulianza wiki ya 11.

Na tulivofika, meno. Mabovu yote yang'olewe kwanza, coz taya likishapigwa mionzi pengo halifungi vizuri na mfupa unaweza kuoza. Sawa, ni kweli, lakini huyu mama si alikuwa amelazwa kwenye meza ya upasuaji amepigwa usingizi, kwanini yasing'olewe siku ile ile? Tukakaa tena kusubiri fizi zipone.

Mionzi yenyewe ni dakika chache tu, wanamfunika ile barakoa ya plastiki yenye matundu iliyochongwa kwa sura yake, inabanwa kwenye meza asitikisike. Ila ni siku 5 kwa wiki, wiki 6, na sisi ni wa mkoani, kwahiyo gesti, chakula, daladala, tukauza ng'ombe. Wiki ya 3 mdomo wote vidonda, uji wa vuguvugu anameza kijiko kimoja machozi yanamtoka, chumvi hasikii sukari hasikii.

Ninachoomba Mheshimiwa ni waraka mmoja tu: mgonjwa wa kansa ya mdomo asiruhusiwe kutoka wodini bila tarehe ya mionzi mkononi, na daktari wa meno amuone kabla ya kisu. Mkipata na hosteli ya wagonjwa wa mbali tutashukuru, ila hilo najua ni hela.

Mama yupo, anatembea na chupa ya maji kila aendako maana mate hayatoki. Ile karatasi ninayo bado, nikiitwa naileta.